Mzazi Anaponyimwa Ukaazi Kanada: Njia ya Rufaa (Sehemu ya Tatu)

Ombi la mzazi kuhamia Kanada likikataliwa, mwenye haki ya kukata rufaa ni mtoto. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, iliyoanza kutumika Juni 2002, kinampa haki hiyo mdhamini, yaani mwana au binti aliye raia au mkaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Mama aliyeko Bukavu, Kigoma au Mombasa anaweza kutoa ushahidi, lakini mrufani ni mwanawe.

Suala hili linawagusa sana Wakongo waliohamishiwa Kanada kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu nchini Tanzania. Mkimbizi aliyepokewa kwa njia hiyo hupewa mwaka mmoja wa kuwaombea mume au mke na watoto tegemezi aliowaacha nyuma. Mzazi hayumo katika utaratibu huo. Kwake mlango wa kawaida ni udhamini wa kifamilia, pamoja na masharti yake ya kipato.

Haki ya rufaa inaweza kupotea hata kabla ombi halijakataliwa. Fomu ya udhamini humtaka mdhamini aseme ombi lifanyweje endapo yeye ataonekana hana sifa: liondolewe au liendelee. Anayechagua kuliondoa hurudishiwa sehemu ya ada aliyolipa, lakini hakuna uamuzi unaotolewa kuhusu mzazi, na pasipo uamuzi hapana rufaa. Anayechagua liendelee huhatarisha fedha zake na kulinda haki yake.

Rufaa hupelekwa kwenye Divisheni ya Rufaa za Uhamiaji ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, baraza lisilo chini ya maofisa waliokataa ombi. Muda wa kuiwasilisha ni siku 30 tangu kupokea sababu za kukataliwa, na hakuna ada. Hata hivyo, kifungu cha 64 kinawafungia njia baadhi ya watu. Hakuna rufaa ikiwa mzazi alikataliwa kwa sababu za usalama wa taifa, ukiukaji wa haki za binadamu, kosa kubwa la jinai au kushiriki katika magenge ya uhalifu. Kusema uongo au kuficha jambo la msingi katika ombi nako huzuia rufaa kuhusu mzazi, ingawa sheria inawaachia nafasi mume, mke na watoto katika hali hiyohiyo.

Njia ikiwa wazi, rufaa inaweza kukubaliwa kwa mojawapo ya sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba uamuzi ulikosea kisheria au katika kuyatazama mambo yenyewe. Ya pili ni kwamba kanuni za haki hazikufuatwa, kwa mfano mhusika hakupewa nafasi ya kujibu shaka ya ofisa. Ya tatu ni huruma na utu: uamuzi unaweza kuwa sahihi kabisa, na bado hali ya familia ikatosha kuutengua. Maslahi ya mtoto mdogo anayeguswa moja kwa moja, kama vile mjukuu, lazima yazingatiwe.

Shauri husikilizwa upya. Mrufani hafungwi na nyaraka alizoziona ofisa wa viza. Anaweza kuleta ushahidi mpya na kueleza hali ilivyo siku ya kusikilizwa. Hapo ndipo rufaa nyingi za kipato hupata nguvu. Nje ya Quebec, anayemdhamini mzazi hutakiwa kuonyesha kipato cha miaka mitatu ya kodi, kwa kawaida asilimia 30 juu ya kiwango cha chini kilichowekwa kwa ukubwa wa familia, na kuahidi kumtunza mzazi huyo kwa miaka 20. Aliyepungukiwa mwaka mmoja kwa kuachishwa kazi anaweza kuwa amekwishafikia kiwango shauri linaposikilizwa. Katika uamuzi wa Jugpall wa 1999, Divisheni ilieleza kwamba kizuizi cha kipato kikishaondoka, huruma inayohitajika kukubali rufaa huwa ya kiwango cha chini kuliko pale ambapo kizuizi bado kipo.

Mzazi aliyekataliwa kwa maradhi yanayohofiwa kuigharimu mno huduma ya afya ya umma naye anaweza kuombewa huruma. Hapo huangaliwa umri wake, nani anamuuguza nyumbani, ndugu waliobaki na uwezo wa mdhamini.

Penye shaka ya uzazi, huruma haina nafasi. Kifungu cha 65 kinataka kwanza ithibitike kwamba anayeombewa yumo katika orodha ya wanafamilia wanaoweza kudhaminiwa. Cheti cha kuzaliwa kisipopatikana, kama ilivyo kwa wengi waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, kipimo cha vinasaba hutumika. Mama mdogo aliyemlea mdhamini tangu utotoni hahesabiwi kuwa mzazi ikiwa hakumwasili kisheria, hata kama mtoto hakumjua mama mwingine.

Kabla ya kusikilizwa, mrufani na mwakilishi wa waziri wanaweza kukutanishwa ili shauri limalizwe kwa makubaliano. Yasipopatikana, mrufani ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha hoja zake. Bodi humpa mkalimani bila malipo, na mzazi anaweza kuhojiwa kwa simu au video.

Rufaa ikikubaliwa, mzazi hapewi viza papo hapo. Faili hurudi kwa ofisa, ambaye hufungwa na uamuzi huo, na uchunguzi uliobaki huendelea. Ikikataliwa, mdhamini ana siku 15 za kuomba kibali cha Mahakama ya Shirikisho ili iupitie uamuzi. Mahakama hiyo haimpi mtu viza: hutazama kama uamuzi ulikuwa wa busara na wa haki, na ikiona dosari hulirudisha shauri lisikilizwe upya.

Kuanza ombi jipya nako si rahisi. Kwa miaka kadhaa, walioalikwa kudhamini wazazi walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa waliojaza fomu mwishoni mwa 2020. Aliyeshindwa rufaa hupoteza nafasi aliyokuwa ameipata katika bahati nasibu hiyo.