Mtutu Mpya, Komeo la Zamani
Makala ya pili kati ya tatu: Kubadili kaliba ya bunduki

Katika makala iliyopita tulitofautisha gobore, shotigani na bunduki yenye mtutu wa mifereji. Leo tunajibu swali nililoletewa barazani na jirani yangu wa Kongowe, upande wa Kibaha, anayelima mihogo na mikorosho si mbali na barabara ya Morogoro. Marehemu baba yake alimiliki kwa leseni bunduki ya Mauser ya zamani, ya komeo. Mzee alipofariki, familia ilifanya lililo sawa: iliipeleka polisi, ikahifadhiwa huko mpaka mirathi ikamilike. Sasa mtoto amefikia hatua ya kuomba leseni yake mwenyewe. Risasi za kaliba ile ameambiwa ni za kutafutwa kwa tochi, na fundi aliyeitazama bunduki amemwambia mtutu umeliwa. Kijiweni wakampa ushauri wa haraka: "Nunua mtutu wa kaliba nyingine, funga, kwisha kazi."

"Mwalimu," akaniuliza, "kweli ni kwisha kazi?"

Hapana. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kaliba ya bunduki ni mapatano ya pande nne: mtutu, komeo, risasi na leseni. Ukibadili upande mmoja bila kuwauliza wengine watatu, bunduki inaweza kumgeukia mwenyewe. Basi tuzipitie pande hizo moja moja.

Tuanze na risasi, maana ndiyo bwana wa wote. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Kaliba ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, lakini jina la risasi hubeba mambo mengi zaidi ya hilo. 7x57 maana yake ni upana wa milimita 7 na ganda la urefu wa milimita 57. .30-06 ni sehemu 30 za mia za inchi, na 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. .375 H&H ni ya kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1912, na ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha chini cha kuwindia wanyama hatari katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kwa hiyo bunduki mbili zinaweza kuwa na mitutu ya upana ule ule na zisile risasi moja. .308 na .30-06 zina vichwa vya upana mmoja, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili milimita 63.

Upande wa pili ni komeo. Jina linajieleza. Unanyanyua mkono wa komeo na kuvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unateremsha mkono, na meno ya komeo yanajifunga ndani ya mwili wa bunduki kama komeo la mlango linavyoingia kwenye fremu. Mjerumani Paul Mauser aliukamilisha mtambo huu mwaka 1898, na mpaka leo bunduki nyingi za kuwindia duniani, za bei kubwa na za bei nafuu, ni watoto au wajukuu wa kazi yake.

Komeo hili lina sababu ya kuwa imara. Risasi ya .30-06 ikilipuka, msukumo ndani ya chemba unaruhusiwa kufika bar 4,050. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kitu. Msukumo huo, unaokaribia mara 2,000 ya ule wa tairi, unazuiwa na meno mawili ya chuma yaliyo sentimita chache tu kutoka kwenye jicho la mpigaji.

Sasa tuingie kwenye mtutu, na kwa nini hufa kabla ya komeo. Fataki za miaka mingi ya nyuma zilikuwa na chumvichumvi ya klorati. Ikishalipuka, huacha mtutuni chumvi inayofanana tabia na ile ya mezani: huvuta unyevu. Asiyesafisha mtutu siku hiyo hiyo, tena kwa maji ya moto kabla ya mafuta, huamka na kutu. Na hewa yetu ya Pwani, kutoka Kongowe kupita misitu ya Kisarawe mpaka baharini, haina huruma na chuma. Ndiyo maana unakuta bunduki yenye komeo linaloteleza kama jipya, huku ukichungulia mtutu dhidi ya mwanga unaona vishimo vyeusi mahali pa mifereji inayong'aa. Kichwa cha risasi kinahitaji mifereji hiyo ili kizunguke, na kisipozunguka sawasawa hakiendi kilikolengwa.

Kwa hiyo wazo la kijiweni lina ukweli ndani yake. Mtutu ni kitu kinachochakaa, na kuuvua na kufunga mwingine ni kazi halali ya mafundi wa silaha duniani kote. Majeshi yenyewe yamefanya hivyo kuokoa fedha. Waingereza walikuwa na bunduki ya Martini-Henry ya mwaka 1871, yenye mtutu mpana wa inchi .45. Ilipokuja risasi ndogo na yenye kasi zaidi ya .303, hawakuzitupa zile za zamani. Nyingi zilifungwa mitutu mipya, na kuanzia mwaka 1895 zikaitwa Martini-Enfield. Mwaka 1970 walirudia somo hilo: Lee-Enfield za walenga shabaha, zilizokuwa za .303, zikafungwa mitutu mizito ya milimita 7.62 na kupewa jina L42A1. Lakini angalia walichobadili pamoja na mtutu: kasha la risasi, na ukucha wa komeo unaong'oa ganda, kwa sababu ganda la .303 lina ukingo uliotokeza na la 7.62 halina.

Hapo ndipo fundi wa kweli anapotofautiana na fundi wa kijiweni. Kabla ya kugusa mtutu, hujiuliza maswali manne. Je, kitako cha ganda jipya kinaenea usoni mwa komeo? Vitako vya 7x57, 8x57, .30-06, .270 na .308 vyote vina upana wa karibu milimita 12, kwa hiyo komeo moja linaweza kuvihudumia. Cha .375 H&H kina milimita 13.5, na hakiingii bila komeo kuchongwa au kubadilishwa. Je, urefu unatosha? Risasi nzima ya 8x57 ina milimita 82, ya .30-06 milimita 85, na ya .375 milimita 91. Kasha lililotengenezwa kwa ya kwanza litaibana ya pili na kuikataa ya tatu. Je, chuma cha mwili wa bunduki kinastahimili msukumo wa risasi mpya? Je, hesi za mtutu zinafanana na za mwili?

Akishapata majibu, linabaki jambo dogo kuliko yote na la hatari kuliko yote: nafasi. Komeo likifungwa, kati ya uso wake na kitako cha ganda panatakiwa pabaki nafasi finyu mno. Fundi huipima kwa vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa mfano wa risasi. Kipande cha kwanza, komeo lazima likubali kufunga juu yake. Cha pili, lazima likatae. Kwa kaliba ya .308 tofauti ya vipande hivyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua karatasi moja ya daftari la mtoto wako wa shule, ishike kwa vidole viwili: unene huo ndio unaotenganisha bunduki nzima na bunduki inayopasua ganda na kurudisha moto nyuma, usoni. Hakuna jicho linaloweza kupima hivyo, wala hakuna uzoefu wa gereji unaoweza kukisia.

Bunduki za bei nafuu za siku hizi zimelifanya jambo hili kuwa rahisi kidogo. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ya Marekani ilitoa Model 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ambayo mtutu wake hushikwa kwa nati kubwa. Fundi huuzungusha mtutu mpaka kipimo kikubali, kisha hukaza nati. Ubunifu huo uliokusudiwa kupunguza gharama za kiwanda ndio ulioifanya bunduki ya mtu wa kipato cha kawaida iweze kubadilishwa kaliba bila mashine kubwa ya kukereza. Mauser ya mzee wa jirani yangu haina nati hiyo. Yake inahitaji mashine, vipimo na mikono iliyosomea.

Kuna onyo jingine ambalo Wajerumani waliliacha katika bunduki hizi hizi. Risasi yao ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa cha takriban milimita 8.1. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaleta kichwa kipya cha milimita 8.2, na ganda likabaki karibu lile lile. Ikawa mtu anaweza kuitia risasi mpya katika bunduki ya zamani, komeo likafunga vizuri, na kichwa kikalazimishwa kupita tundu lisilokienea. Ndiyo maana bunduki zilizorekebishwa ziligongwa herufi S juu ya chuma. Basi komeo kufunga si ushahidi kwamba risasi ni yake.

Nchi hii imefundishwa kwa vita kwamba risasi ndiyo bwana. Mwaka 1914 sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za milimita 11, zinazotumia baruti ya moshi. Kila aliyefyatua aliinua wingu jeupe lililomwonyesha adui alipojificha. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kamanda wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, aliokota kwa Waingereza silaha za kutosha kombania tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Aprili 1915 meli iliyomletea silaha ilishambuliwa na kuzama kaskazini ya Tanga, na risasi zilizoopolewa baharini zikabidi kufunguliwa na kukaushwa. Novemba 25, 1917 alivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, akapata risasi zipatazo 250,000. Askari wake wengi wakaacha bunduki walizozizoea na kubeba za Wareno. Hawakubadili mitutu. Walifuata zilipo risasi.

Mkulima naye aanzie hapo hapo. Kabla ya kuuliza bei ya mtutu, aulize: risasi za kaliba ninayoitaka zinauzwa kihalali wapi, na zitaendelea kuuzwa? Mtutu mpya wa kaliba isiyopatikana ni hasara mara mbili.

Tumebakiza upande wa nne, ambao kijiweni hawakuutaja kabisa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaiweka silaha ya raia chini ya leseni, na leseni hiyo inaitambua silaha kwa aina yake, kaliba yake na namba yake. Ukibadili kaliba, mkononi una bunduki ambayo karatasi yako haiijui. Risasi utakazonunua hazitalingana na leseni, na ukisimamishwa njiani maelezo yako hayatakuwa na pa kushika. Mtutu wenyewe ni sehemu ya silaha, hauingizwi nchini kama kioo cha gari. Kukarabati silaha nako ni kazi ya mwenye kibali. Tanzania pia ni mshiriki wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu ili kila moja ijulikane ilipotoka na iliko. Masharti haya yana chanzo chake: eneo letu la Maziwa Makuu limezika watu wengi kwa bunduki zisizo na mwenyewe.

Jirani yangu alikuwa na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. "Mwalimu, nguruwe pori hawasubiri kibali. Usiku mmoja wanang'oa mihogo ya miezi sita." Nimeuona mwenyewe mgongo wa tuta uliofukuliwa, mizizi imetafunwa nusu na kuachwa ikikauka. Uchungu huo ni wa haki. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi mtu ruhusa ya kuwinda kwa sababu tu ana bunduki. Mlango wa kugonga ni wa ofisa wanyamapori wa wilaya. Wakati akisubiriwa, uzio, moto na zamu za kulinda shamba, kama walivyofanya wazee wetu wa Kizaramo, bado vinafanya kazi.

Nilimshauri hivi. Kwanza akamilishe leseni ya bunduki kama ilivyo, kwa kaliba yake ya asili. Pili, polisi wamwelekeze kwa fundi mwenye kibali, akague mwili na komeo, aandike ripoti. Tatu, fundi akisema chuma ni kizima, ombi la kubadili kaliba liwasilishwe kwa maandishi kabla mtutu haujaguswa, na leseni irekebishwe. Nne, ajumlishe gharama zote na kuzilinganisha na bei ya bunduki mpya ya kawaida. Mara nyingi atakuta tofauti ni ndogo kuliko alivyodhani. Na fundi akisema chuma kimechoka, aikabidhi kwa mamlaka. Heshima ya baba haimo ndani ya chuma kilichooza.

Wiki ijayo tutamalizia na utunzaji wa silaha nyumbani: kabati, funguo, na watoto. Kwa leo, ndugu msomaji, kama una bunduki ya urithi iliyofichwa darini au chini ya uvungu bila leseni, usiitafutie mtutu. Ipeleke kituo cha polisi.