Unauza kwa simu? Mteja wa Ndhiwa atakuaminije?

SIMU ikizimwa hapa Kenya, watu husema "ni mteja", kwa sababu ya ile sauti inayokuarifu kwamba mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa. Ni mzaha wa kila siku. Hata hivyo, humwuma sana mtu aliyetuma pesa kwa M-Pesa asubuhi, kisha akapiga simu jioni kuuliza mzigo wake umefika wapi. Saa hiyo muuzaji ndiye amekuwa "mteja", naye mteja halisi amebaki akiikodolea simu macho.

Hebu msomaji mfikirie mama anayeishi karibu na soko la Mirogi, huko Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay. Mtoto wake anarudi shule ya bweni wiki ijayo. Ameona kwenye simu viatu vyeusi vya ngozi, bei yake shilingi 1,800, vinauzwa na kijana wa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake. Hawezi kuvishika, kuikunja soli wala kuvinusa ajue kama ni ngozi au plastiki. Hajui kijana huyo anaishi wapi. Pesa zenyewe huenda ni za miwa, ambayo mkulima huingoja zaidi ya mwaka mmoja ikomae. Zikipotea, mtoto atarudi shuleni na viatu vilivyotoboka.

Mama huyo ndiye anayetafutwa na vijana wengi wa vyuo wanaouza nguo, viatu na simu kutoka vyumbani mwao. Aghalabu hudhani watampata kwa picha nzuri na bei ya chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini walikuwa na soko ambalo kila kitu kimeanikwa wazi. Kwenye simu, kizuri na kibaya hupendeza sawasawa. Anachokosa mama huyu si picha, bali ni mtu wa kumwuliza mambo yakiharibika.

Mtu wa katikati

Kampuni kubwa zilililijua hilo mapema. Jumia, iliyoingia Kenya mwaka wa 2013, ilijijengea jina kwa kumruhusu mteja alipe mzigo unapomfikia. Copia nayo iliwalenga watu wa vijijini kupitia maajenti, wakiwemo wenye maduka na wenye saluni. Mteja alikwenda kwa ajenti anayemfahamu, akaagiza, kisha akarudi pale pale kuchukua mzigo wake. Hakulazimika kuiamini kampuni ya mbali. Alimwamini jirani, ambaye asingeweza kuzima simu na kutoroka ilhali duka lake linaonekana.

Mwezi wa Mei 2024 Copia iliwekwa mikononi mwa wasimamizi baada ya kukosa mtaji mpya. Kuaminiwa peke yake hakulipi petroli ya magari. Lakini somo la ajenti halikufa nayo. Huko China, Alipay iliyoanza mwaka wa 2004 ilifanya jambo kama hilo kwa pesa: ilizishikilia hadi mnunuzi aliposema mzigo umemfikia salama.

Kijana mwenye mtaji mdogo anaweza kuiga hayo. Akiwa na jamaa mwenye duka Ndhiwa, autume mzigo kwake. Mama aje avikague viatu, ndipo alipe. Asipokuwa na mtu, atume picha ya risiti ya basi lililobeba mzigo na nambari ya simu ya ofisi ya kuupokea. Kadhalika, nambari ya kulipia iwe imesajiliwa kwa jina la biashara. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la anayelipwa, na jina likiwa tofauti na lile la tangazo, mteja mwenye busara huziacha pesa zake zilipo.

Siku ya makosa

Lakini kumpata mteja mara moja si kumpata. Tuseme viatu vimefika, mama akakuta ni nambari 38 badala ya 39. Hapa ndipo wauzaji hutengana. Mmoja atasema mali ikishauzwa hairudishwi. Mwingine ataomba radhi, atume jozi nyingine na kugharimia usafiri wa kwenda na kurudi. Kama faida yake ilikuwa shilingi 400 na usafiri ukamla 500, amepata hasara ya shilingi 100. Hata hivyo, Jumapili baada ya ibada mama atawasimulia wenzake wa chama, na huenda wakaagiza watatu au wanne. Yule aliyekataa kurudishiwa mali naye atasimuliwa, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Ni kweli kwamba Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka wa 2012 nayo inamtaka anayeuza kwa intaneti kumpa mnunuzi habari muhimu kabla hawajakubaliana. Lakini ni nani atakayepanda matatu kwenda mahakamani kwa ajili ya viatu vya shilingi 1,800? Kwa mauzo madogo kama haya, mama hana kinga nyingine ila neno la muuzaji.

Kwa hivyo, wewe unayeuza kwa simu, mzigo ukichelewa usingoje kuulizwa. Piga simu wewe kwanza, hata kama huna habari njema. Nanyi wazazi, kabla ya kutuma pesa, mpigieni muuzaji mumwulize atafanya nini viatu visipotoshea. Akianza kubabaika, tafuteni mwingine.

Muhula mwingine utafunguliwa, na mtoto atakuwa ameongeza kimo na nyayo. Mama wa Mirogi atatafuta viatu tena, na atampigia yule aliyeishika simu siku mzigo ulipokosea.