Mafuta ya Breki Hayali Kutu

"Fundi, ipi inakula kutu haraka, WD-40 au mafuta ya breki?" Anayeuliza huwa ana nati ya eksozi iliyogoma, au bolti ya mashine ya boti ambayo kichwa chake kimeshaliwa na spana isiyoenea. Nimechoka kulijibu swali hili mdomoni, basi nalijibu kwa kalamu.

Hakuna inayokula. Mafuta hayali kutu. Asidi ndiyo inayoila, na hakuna anayetaka kuloweka injini nzima kwenye asidi. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nati iliyoingia kwa vidole mwaka juzi leo haitikisiki: upenyo wote kati ya hesi na hesi umejaa. Dawa ya kupenyeza ni mafuta mepesi mno yanayotambaa ndani ya mianya iliyobaki na kuifanya iteleze. Kuivunja kutu yenyewe ni kazi ya nyundo na moto.

Sasa hayo mafuta ya breki. Naijua asili ya imani hii. Mtu yalimmwagikia kwenye tangi la pikipiki, akarudi akakuta rangi imebambuka, akapiga hesabu: kinachobandua rangi kitashindwa na kutu? Ndiyo, kitashindwa. Rangi hulainika kwa kiyeyusho. Kutu ni oksidi ya chuma, na kiyeyusho hicho hakiifanyi chochote. Tena DOT 3 na DOT 4 tunazonunua madukani si mafuta hasa. Ni jamii ya glaikoli, huchanganyika na maji na kunyonya unyevu hewani, ndiyo maana chupa iliyofunguliwa zamani haifai kutiwa kwenye breki. Yamwage juu ya bolti hapa Jadida, na upepo wa chumvi unaopanda kutoka bandari ya Wete, na utakuwa umeyakaribisha maji palepale ulipotaka yaondoke. Rangi ya pembeni nayo ikishabambuka, chuma kimebaki kitupu kinangoja kutu mpya.

"Lakini fundi wa zamani alikuwa akiyatumia, na nati ikifunguka." Ikifunguka kwa sababu aliiacha usiku kucha, na asubuhi akaigonga kabla ya kushika spana. Angetia dizeli iliyochanganywa na oili kidogo ingefunguka vilevile, tena rangi ingesalimika. Wanaomwagia kutu soda sitawajibu kwa urefu: asidi imo, lakini ni kidogo, na sukari inabaki ikinata.

WD-40 nayo inasingiziwa mengi. Mwaka 1953 kampuni ya Rocket Chemical ya San Diego, Marekani, ilikuwa inatafuta kitu cha kufukuza maji na kukinga kutu. Jaribio la 40 ndilo lililofaulu, na dawa ikapakwa kwenye ngozi ya makombora ya Atlas. Ukiijua kazi hiyo, huulizi tena. Waya wa plagi umelowa? Puliza. Spana zimenyeshewa? Puliza. Nati imeshika kidogo? Jaribu. Ila utando unaobaki nyuma ni mwembamba. Dereva wa bodaboda anayeipuliza kwenye cheni kila asubuhi, bila kuongeza kitu, anaosha oili iliyokuwamo, kisha ananiuliza kwa nini sproketi zinaisha. Cheni inataka spreyi yake yenyewe au oili ya gia namba 90.

Kwa nati iliyogoma kweli, nunua kopo lililoandikwa kuwa ni la kupenyeza. Sugua kwa brashi ya waya kwanza, pulizia, gonga kichwa, ngoja, rudia, ulaze. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa, futa mafuta yote, ipashe nati moto, iache ipoe, pulizia tena. Mchanganyiko wa asetoni na ATF (mafuta ya gia za otomatiki) unafanya kazi, ila hujitenga, basi tikisa kila mara, na uuweke mbali na moto na plastiki. Kwenye mashine za boti, ule unga mweupe ni alumini iliyooza, na dawa pekee haitoshi: pasha moto alumini inayoizunguka bolti, kwa kuwa inatanuka takriban mara mbili ya chuma. Ukirudisha bolti, paka grisi ya baharini. Bawaba, grisi nyeupe ya lithiamu. Kufuli, grafiti kavu. Mpira na plastiki, silikoni, lakini isifike kwenye diski ya breki wala mahali utakapopiga rangi. Mipira ya silinda ya breki usiipulizie mafuta ya aina yoyote; itavimba.

Na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, hata koki yake ikikaza vipi, usiupake mafuta wala grisi. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huwaka bila kiberiti.