Herufi na Usemi wa Jeni: Ufafanuzi wa Vipimo vya Kasulo, Kolwezi

Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ardhi yake ina shaba pamoja na kobalti. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo mjini humo walianza kuchimba mashimo katika nyua zao, wengine hata chini ya sakafu za nyumba, wakitafuta mawe ya kobalti. Mtaa ukageuka mgodi huku watu wakiendelea kuishi humo, na vumbi la machimbo likaingia hadi vyumbani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Leuven na Ghent nchini Ubelgiji kupima damu na mkojo wa wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, na kuwalinganisha na watu wa mtaa wa jirani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Mkojo wa watoto wa Kasulo ulikuwa na kobalti takriban mara kumi ya ile ya watoto wa kwingineko, tena ulikuwa na alama za kuharibika kwa DNA. Tokeo hili la pili lahitaji ufafanuzi, kwani ni rahisi kudhani kuwa maana yake ni saratani.

DNA yaweza kulinganishwa na maandishi marefu yenye herufi nne tu. Kobalti iliyomo mwilini huweza kuchochea kutokea kwa aina za oksijeni zenye ukali wa kikemia, ambazo hushambulia hasa herufi moja, yaani guanini. Guanini iliyoharibika huweza kusomwa vibaya seli inapojinakili, na kosa hilo likarithiwa na nakala zinazofuata. Hata hivyo, seli ina vimeng'enya vya kuondoa herufi mbovu na kurejesha nzima. Mabaki ya uharibifu huo hutoka kwa mkojo, na ndiyo yanayopimwa. Kwa hiyo kipimo huthibitisha kuwa shambulio lipo. Hakielezi ni makosa mangapi yaliyobaki, wala yamebaki katika jeni zipi.

Athari ya pili haigusi herufi. Seli ya ini na seli ya ngozi hubeba maandishi yaleyale, ila kila moja husoma sehemu zake. Kusomwa kwa jeni hadi protini ikatengenezwa ndiko kunakoitwa usemi wa jeni. Kobalti huuvuruga usemi huo kwa kuiga upungufu wa oksijeni: huzuia vimeng'enya vinavyosababisha protini iitwayo HIF-1 iondolewe, nayo ikisalia huamsha jeni kadhaa, ikiwemo ya homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu katika karne ya 20 kobalti iliwahi kutumiwa kutibu upungufu wa damu, kisha ikaachwa kwa madhara yake.

Saratani ya utando wa mji wa mimba, ingawa haihusishwi hapa na kobalti, yaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Uvimbe wa daraja la chini kwa kawaida huendelea kutengeneza vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na baadhi yake hutibika kwa homoni. Uvimbe wa daraja la juu mara nyingi hupoteza vipokezi hivyo, na katika mwingi wao herufi za jeni TP53, inayozuia seli zisizaliane ovyo, zimebadilika. Herufi na usemi vyote vimeharibika, na kwa kawaida hali hiyo hujengeka kwa miaka mingi.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliainisha metali ya kobalti na chumvi zake zinazoyeyuka kuwa yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo unahusu uwezo wa kitu chenyewe kudhuru. Hautabiri maradhi ya mtu fulani. Mzazi wa Kasulo hapaswi kuambiwa kuwa mwanawe ana saratani, wala kuwa hana la kuhofia. Anachostahili kuelezwa ni kwamba mwili wa mtoto unashambuliwa na unajirekebisha, na kwamba kumwepusha na vumbi, mashimo yakitengwa na makazi, huupunguzia mwili huo kazi hiyo.