Chungu Kimoja cha Mahindi na Maharagwe

Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja ni chakula kinachojulikana karibu katika kila nyumba ya Kenya, ijapokuwa jina lake hubadilika mtu avukapo mto. Wakikuyu hukiita githeri, Wakamba isyo, Waluo nyoyo, na watu wa pwani pure. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, huitwa makande. Ndicho chakula cha shule za bweni, cha vibarua shambani, na cha jioni ya mvua, wakati mtu asipotamani kitu kingine ila kukaa karibu na moto na bakuli mkononi. Wako wanaokidharau wakisema ni chakula cha watu waliokosa nyama. Yaelekea hao hawajawahi kukila kilipopikwa sawasawa.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba kazi kubwa hufanywa mara moja tu. Chungu kikisha kuiva, mama wa nyumba anaweza kutoa humo mlo wa leo na mlo wa kesho, kila mmoja kwa namna yake, bila ya kuanza upya. Uzuri wa pili hauonekani kwa macho. Mahindi yana protini, yaani kile kijengacho mwili, lakini protini hiyo ina upungufu wa sehemu moja ambayo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Maharagwe yana sehemu hiyo kwa wingi, nayo yamepungukiwa na nyingine iliyomo katika mahindi. Yakiliwa pamoja, kila moja hujaza pengo la mwenziwe. Watu wa Amerika, ambako mimea hii miwili ilianzia, walikuwa wakiila pamoja muda mrefu kabla ya merikebu za Vasco da Gama kufika Malindi katika mwaka 1498. Mahali pasipo na maharagwe, kunde, njahi au mbaazi hufanya kazi ile ile. Tena kunde ni mmea wa Afrika hasa.

Lakini urahisi wa siku ya pili hutegemea uangalifu wa siku ya kwanza, na uangalifu huo huanza kabla ya moto kuwashwa.

KUCHAGUA MAHINDI

Jambo hili si dogo. Katika mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao walikufa. Sumu iliyowaua huitwa aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu inayoota juu ya nafaka iliyowekwa ghalani kabla ya kukauka, nayo hudhuru ini. Jambo la kuogofya ni kwamba sumu hii haiondolewi na moto wa jikoni. Mtu akichemsha mahindi mabovu kutwa nzima, atakuwa amepata mahindi mabovu yaliyo laini.

Kwa hiyo mahindi humwagwa kwenye ungo na kuchaguliwa punje kwa punje. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, au zenye harufu ya ukungu, hutupwa. Wala hawapewi kuku au ng'ombe, kwa maana sumu hiyo huwadhuru wanyama pia na huweza kuingia katika maziwa. Ikiwa sehemu kubwa ya gunia ina ukungu, gunia lote halifai kuliwa, hata kama punje nyingine zaonekana safi. Wakamba wana desturi ya kutwanga mahindi katika kinu mpaka ganda la nje litoke, na chakula kipikwacho kwa mahindi hayo huitwa muthokoi. Imeonekana kwamba kutwanga hivyo hupunguza sumu, kwa sababu nyingi hukaa karibu na ganda. Kupunguza, hata hivyo, si kumaliza, na kinu hakiwezi kugeuza mahindi mabovu kuwa mema.

Mkulima anayetaka kujua kama mahindi yake yamekauka vya kutosha anaweza kuyapima kwa chumvi. Achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie chumvi kavu kidogo na punje za mahindi kuijaza chupa robo, aifunge, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishika katika kioo, mahindi bado yana maji mengi na yanataka jua zaidi.

KULOWEKA NA KUCHEMSHA

Kipimo cha kawaida ni vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe, ingawa mwenye maharagwe mengi hakatazwi kuyatia nusu kwa nusu. Vyote huoshwa na kulowekwa katika maji mengi usiku kucha. Asubuhi maji yale humwagwa na mapya hutiwa. Wako wanaoona huku ni kupoteza wakati. Punje iliyokunywa maji usiku huiva upesi zaidi, na kuni huokolewa; na pamoja na maji yale hutoka sehemu ya vile vitu vinavyojaza tumbo hewa, ambavyo vimewafanya watu wengi kulaumu maharagwe bure.

Iko sababu nyingine. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu yao wenyewe, nayo si ile ya ukungu. Hata punje nne au tano zisizoiva zaweza kumtapisha na kumharisha mtu kabla ya saa chache kupita. Hii, kwa bahati njema, hushindwa na moto, lakini lazima uwe moto wa kuchemsha kweli. Maharagwe yakiachwa katika maji yenye joto tu ambayo hayakuchemka, sumu yaweza hata kuzidi. Basi chungu na kichemke kwa nguvu muda wa nusu saa kwanza, ndipo mpishi afikirie kupunguza moto.

Baada ya hapo kupunguza moto ni jambo la busara. Watu wengi husukumiza kuni chunguni wakidhani kwamba maji yanayoruka na kumwagika yana joto zaidi. Sivyo. Maji yakisha kuchemka joto lake haliongezeki tena. Kuni zinazozidi hugeuza maji kuwa mvuke tu, kisha mpishi hulazimika kuongeza maji mengine. Moto mdogo unaokifanya chungu kitokote polepole, kikiwa kimefunikwa, huivisha sawasawa. Mtu aliyehama kutoka Mombasa kwenda Nairobi huenda akashangaa kuona kwamba maharagwe yale yale yanachukua muda mrefu zaidi. Si ubaya wa maharagwe. Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakiwa na joto la digrii 94 hivi badala ya 100. Katika vilima vya Limuru huchemka mapema zaidi hata kuliko hapo, na mpishi wa huko hana budi kuwa na subira, au kununua sufuria ya presha, ambayo huyazuia maji kuchemka upesi na hivyo kuyapa joto kubwa.

Asiye na sufuria hiyo anaweza kujitengenezea kikapu cha kuivishia. Hutwaliwa kikapu kikubwa, kikajazwa majani makavu ya migomba au matambara ya blanketi kuukuu pande zote, na katikati pakaachwa nafasi ya sufuria. Githeri ikisha kuchemka kwa nguvu nusu saa na zaidi, sufuria hutiwa humo ikiwa imefunikwa, na juu yake huwekwa mto wa majani. Mpishi huenda shambani. Akirudi baada ya saa nne au tano atakuta punje zimelainika pasipo ukuni mmoja kuungua. Ndipo hurudisha sufuria motoni ichemke tena kabla ya kupakua.

Kwa mahindi yaliyolowekwa, chungu cha kawaida huhitaji saa mbili au tatu. Mahindi ya zamani huhitaji zaidi, na hapo ndipo watu hutafuta njia za mkato. Wengine hutia magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini zilizomo katika maharagwe, tena yakizidi chakula huwa na ladha kama sabuni. Wengine, hasa wauzaji wa githeri mijini, wameonekana wakifunika chungu kwa karatasi za nailoni ili mvuke usitoke. Hiyo ni desturi mbaya kabisa. Karatasi hizo hazikutengenezwa kwa kukaa juu ya mvuke, na kifuniko cha bati hakina bei kubwa. Nyanya na limau pia zisitiwe mapema, kwa kuwa uchachu huyafanya maharagwe yakatae kulainika.

VYAKULA VINAVYOTOKA KATIKA CHUNGU

Githeri ikisha kuiva, sehemu ya kesho hutengwa ikiwa bado haijatiwa kitunguu wala nyanya, kwa maana ile isiyoungwa haichachi upesi kama iliyoungwa. Hiyo iliyobaki ndiyo ya usiku huu.

Kwa watu sita, vitunguu viwili hukatwa na kukaangwa katika vijiko viwili vya mafuta mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Haraka hapa huharibu kila kitu, kwa sababu utamu wote wa githeri ya kukaanga unatoka katika kitunguu hiki. Kisha hutiwa nyanya tatu, na zikisha kupondeka hutiwa karoti mbili na viazi vinne vya kizungu vilivyokatwa vipande vidogo, chumvi, bizari kidogo kwa apendaye, na maji kikombe kimoja. Viazi vikikaribia kuiva hutiwa vikombe sita vya githeri, na vyote hutokota pamoja robo saa. Mchuzi usikaushwe wote. Mwenye sukuma wiki au mchicha autie mwishoni, na dania ikipatikana ni vizuri zaidi. Parachichi lililokatwa juu ya sahani si anasa. Mafuta yake huusaidia mwili kuchukua vitamini zilizomo katika karoti na mboga za majani.

Desturi moja inafaa kuangaliwa, nayo ni ile ya kunywa chai kali pamoja na githeri. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, na madini hayo huhitajiwa sana na wanawake wenye mimba na watoto. Afadhali chai ingoje saa moja, na mahali pake papewe chungwa au maji ya limau, ambayo hufanya kinyume chake.

Watu wa pwani hawana haja ya mafuta. Nazi moja hukunwa na kukamuliwa mara mbili. Tui jepesi hutiwa kwanza katika pure pamoja na kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, likatokota mpaka lipungue. Ndipo tui zito hutiwa mwisho, na sufuria hukorogwa polepole bila kuacha, lisije likakatika. Mtu wa bara akionja hii kwa mara ya kwanza huuliza ni nyama gani imetiwa.

Sehemu iliyotengwa hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi mara ipoapo. Mwenye friji anaweza kuiweka hata siku tatu. Asiye nayo aichemshe kabla ya kulala, na kuichemsha tena mpaka ndani kabisa kabla ya kuila kesho yake. Kupasha moto juu juu hakutoshi. Katika joto la pwani isingoje zaidi ya usiku mmoja, na ikiwa na povu, utelezi au harufu ya kuchacha, itupwe bila huruma.

Kutokana na hiyo hutengenezwa mukimo. Viazi huchemshwa pamoja na majani machanga ya maboga yaliyotolewa nyuzi, githeri hutiwa humo ipate moto wa kutosha, maji huchujwa na kuwekwa kando, na vyote hupondwa kwa mwiko wa mti mpaka viwe kitu kimoja chenye rangi ya kijani, huku punje za mahindi zikionekana hapa na pale. Yale maji yaliyochujwa hurudishwa kidogo kidogo, mukimo usiwe mgumu. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye hawezi kutafuna punje nzima na aweza kupaliwa nazo, hupewa maharagwe na viazi vilivyopondwa laini kabisa, pasipo ganda la mahindi, pamoja na maziwa ya mama yake.

Mgonjwa aliyechoka na uji huweza kutengenezewa supu kwa kikombe kimoja tu cha maharagwe yaliyotolewa katika githeri, yakapondwa, yakachujwa, yakatokota na kitunguu na maji ya kutosha. Na mukimo ukibaki, asubuhi huwa mgumu kiasi cha kukatika kwa kisu. Vipande vyake hukaangwa katika mafuta kidogo, upande mmoja kisha wa pili, mpaka vishike ukoko mwekundu, na watoto wanaokwenda shule huvichukua mkononi vikiwa bado vya moto.