Jamii Isiyoachana na 1967

Anayeuwasha mchezo wa kompyuta wa Grand Prix Legends kwa mara ya kwanza hukanyaga mafuta kama alivyozoea kwenye michezo mingine. Magurudumu ya nyuma yanazunguka ovyo, na kabla ya kona ya kwanza gari limeshageuka kutazama lilikotoka. Wengi huishia hapo. Wanaobaki ndio waliozaa jamii hii.

Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni ya Papyrus ya Marekani, chini ya David Kaemmer, ukatolewa mwaka 1998. Badala ya magari ya wakati wao, watengenezaji walichagua msimu wa Formula One wa 1967. Magari yalikuwa na injini za lita 3 na tairi nyembamba, bila mabawa ya kuyakandamiza chini. Lotus 49 ilikuwa na nguvu za farasi takriban 400. Baadhi ya njia za mashindano zilikuwa barabara za kawaida: Spa ya Ubelgiji, kilomita 14, ilipita kati ya nyumba na mashamba, na mzunguko mmoja wa Nürburgring ulizidi kilomita 22.

Gari la namna hiyo halikati kona kwa usukani peke yake. Dereva hufunga breki likiwa limenyooka, hulielekeza kidogo, kisha nyuma huanza kuteleza. Kuanzia hapo mguu wa kulia ndio unaoamua. Akiachia mafuta ghafla, mkia unampita. Akizidisha, unampita vilevile. Anayeipata ile nafasi finyu ya katikati, hata kwenye kona moja tu, usiku huo halali mapema.

Ugumu huo ndio uliojenga adabu za jamii hii. Mgeni hushauriwa aanze na magari ya mafunzo yaliyomo mchezoni, ajifunze kumaliza mizunguko bila kutoka njiani, ndipo aombe kushindana na wenzake. Katika mbio za pamoja, gari likizunguka, mwenyewe hushikilia breki lisimame, ili wanaokuja nyuma wajue pa kupita. Aliyetoka njiani husubiri wote wapite ndipo arudi. Kumgonga mwenzako kwenye kona ya kwanza ni aibu, na mkosaji huomba radhi. Ni desturi ya haki: pupa ya mtu mmoja huweza kuwaharibia wote jioni nzima.

Wana pia kipimo chao, GPLRank. Muda bora wa mtu katika kila moja ya njia 11 za mchezo hulinganishwa na muda uliowekwa kuwa kigezo, kisha tofauti zinajumlishwa. Mgeni huanza na jumla kubwa mno. Anayefika chini ya sifuri hupongezwa, na wapo waliofanya mazoezi kwa miaka kuifikia.

Papyrus ilishafungwa, lakini kazi haikusimama. Wapenzi wa mchezo, bila malipo, waliuongezea kasi ya picha, wakaunda magari ya misimu ya 1965 na 1969 na njia nyingi mpya, pamoja na Targa Florio ya Sicily yenye kilomita 72. Hupekua picha na filamu za zamani ili kila mti na ukuta viwe mahali pake.

Historia nayo wanaijua kwa mikono. Anayezunguka Kyalami, Afrika Kusini, huelewa alichokifanya John Love wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, katika mbio za huko za Januari 1967. Akiwa na Cooper kuukuu, alikuwa akiongoza karibu na mwisho, akalazimika kusimama kuongeza mafuta, na Pedro Rodríguez akashinda. Love alimaliza wa pili.

Baadaye Kaemmer alishiriki kuanzisha iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, na humo pia imo Lotus 49. Lakini anayetaka kujua chimbuko na arudi kwenye mchezo wenyewe. Atafute usukani wenye pedali, achague gari la mafunzo na njia ya Watkins Glen, ambayo ni fupi na ina nafasi, na aendeshe polepole mpaka mguu wake wa kulia utulie.