Tumtafute askari kwa nambari, si kwa jina pekee

Watu wanaonunua viondo na viatu vya ngozi katika soko la Kariokor jijini Nairobi ni wachache wanaokumbuka kwamba jina la mtaa huo ni jina la jeshi. Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba chakula na risasi katika Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili iyo hiyo. Wapagazi waliofariki upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kupindukia 90,000. Neno limedumu, lakini majina ya watu hayakudumu. Sanamu tatu zilizoko Barabara ya Kenyatta zina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, ilhali hazina jina la mtu hata mmoja.

Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri jambo hilo waziwazi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofariki katika vita hivyo, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo nimekutana na walimu na wanafunzi kadhaa wanaotaka kuandika barua kuulizia rekodi za babu zao. Hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, ningependa kuwaonya wasifanye kosa nililolifanya mimi.

Nyanya yangu, mzaliwa wa Machakos, alikuwa na kaka aliyeingia jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili na asirudi. Habari zake nyumbani kwetu zilikuwa sentensi moja tu: alikwenda Keya, akafia Burma. Nyanya aliniomba niulize alikozikwa kaka yake, ili ajue mahali pa kuelekeza uso anapomwombea. Pamoja na ombi hilo alinipa nambari ya ujeshini, herufi na tarakimu zake, ambayo kaka huyo aliwafundisha wadogo zake alipokuja likizo ya mwisho. Nyanya aliikariri kama mtoto akaririvyo hesabu. Niliinakili pembezoni mwa daftari langu, kwa kumheshimu zaidi kuliko kwa kuiamini.

Kisha nikaandika barua ng'ambo. Nilitaja jina kama tunavyoliandika nyumbani, nikataja kikosi cha King's African Rifles, na nikataja Burma. Nambari sikuitaja, maana nilidhani mwanamke mzee asiyejua kusoma hangeweza kuihifadhi kichwani kwa miaka sabini bila kuivuruga. Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa: hapana askari wa jina hilo. Nilimweleza nyanya, naye akanyamaza. Alifariki mwaka wa 2015 akiamini kwamba kaka yake amelala Burma, katika kaburi lisilojulikana.

Miaka mitatu baadaye, nikitayarisha mhadhara kuhusu maandishi ya majina ya Kibantu katika nyaraka za kikoloni, nililifungua daftari lile. Niliingia katika daftari la Tume, ambalo linapatikana bure katika intaneti, na badala ya jina nikaandika nambari ya nyanya. Likatokea jibu moja. Mahali pa l palikuwa na r, mahali pa sy palikuwa na sh, na jina la baba lilikuwa limetangulizwa mbele ya jina la mwana. Nyanya hakuwa ameivuruga hata tarakimu moja.

Waama, kaka huyo hakuwa katika King's African Rifles, bali katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wala hakufika Burma. Alikuwa ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 meli hiyo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Majina ya waliozama yamechongwa katika ukumbusho ulioko ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Basi la Machakos lingemfikisha nyanya mjini kabla ya adhuhuri.

Je, kosa ni la karani? Karani alisikia kwa masikio ya lugha yake, na ndivyo binadamu wote wasikiavyo. Sauti ambayo lugha yako haina, sikio hukupa iliyo jirani nayo. Ndiyo sababu Musyoka anaweza kuwa Musioka au Mushoka, na Kariuki akawa Kaliuki. Aidha, tahajia tunazoziona leo kuwa ndizo sahihi zilienea kwa shule na vyeti, mara nyingi baada ya askari hao kuandikishwa. Hata neno Keya, ambalo ni matamshi ya herufi za KAR, lilipanuka maana likawa jina la jeshi zima la wakati ule, awe mtu ni dereva, mpishi au mpiga mizinga. Mambo hayo huwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Niliposhika kalamu kwa ajili ya jamaa yangu mwenyewe niliyasahau, nikaamini maandishi na kudharau kumbukumbu ya mwanamke aliyekuwa na ushahidi wote kinywani.

Basi, mwenye nia ya kutafuta na aanze nyumbani, kabla ya kununua stempu. Awaulize wazee nambari ya ujeshini, jina la baba wa askari, kijiji na chifu wa wakati huo, mwaka wa kuondoka na bandari ya kupandia meli. Akague nishani, picha na barua, kwa kuwa nambari mara nyingi huwa imeandikwa humo. Aandike jina kwa kila tahajia ambayo sikio geni lingeweza kuizua, na katika barua yake azitaje zote. Kikosi akitaje kama jamaa wanavyokiita, bila kukitafsiri kwa kukisia kama nilivyofanya mimi. Atume nakala tu. Nyaraka asilia zibaki sandukuni.

Yampasa pia ajue aulize nini na wapi. Daftari la Tume linahusu waliofariki tu, kuanzia Agosti 1914 hadi Agosti 1921, na kuanzia Septemba 1939 hadi Desemba 1947. Aliyerudi salama hayumo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, asitarajie sana kupata jalada binafsi la askari Mwafrika. Atakachokipata zaidi ni shajara za vita, ambazo hueleza kikosi kilikuwa wapi siku gani. Hapa kwetu, Nyaraka za Kitaifa katika Moi Avenue zina majalada ya maofisa wa wilaya, na humo mna habari za uandikishaji wa askari na wapagazi.

Walimu wa historia na wa Kiswahili wangeweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la likizo: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja wa ukoo wake na kuandika neno kwa neno anayoyasema, bila kusahihisha. Walioondoka mwaka wa 1944 wamekwisha karibu wote, na wadogo zao waliokariri nambari zao wamepita umri wa miaka themanini.

Nilikwenda Barabara ya Ngong mwaka wa 2018, pamoja na mama yangu. Tulilisoma jina lile kwa sauti, kwanza kama lilivyochongwa, kisha kama nyanya alivyokuwa akilitamka.